Wiki Tisa za Kukandwa kama Mzazi

Niliporudi Voi baada ya mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi, nilikuwa na karatasi ya maagizo na mfuko wa vijiti vinne vya plastiki laini, vya unene tofauti. Nesi alikuwa amenieleza: baada ya mwezi, uvimbe ukitulia, niingize kile chembamba ukeni kwa jeli, dakika kumi, mara tatu kwa wiki. Mionzi hukausha uke na kuubana. Kuta zikishikana, daktari hataweza kuona ndani kama saratani imerudi.

Wifi yangu, dada ya mume wangu, alishuka kutoka Ronge kuniuguza. Amewakanda wanawake wote waliojifungua katika ukoo wao, na kwangu hakuona tofauti. Kila asubuhi nilikalia beseni la maji ya vuguvugu na chumvi, nikanywa uji wa pilipili manga, kisha nikaamriwa kubana miguu.

"Huko chini kukiumia kunaachwa kufunge," alisema. "Wewe ni mzazi tu. Tena una bahati, mtoto wako halii."

Nilicheka. Vijiti vikakaa kabatini wiki tisa. Ukweli ni kwamba niliviogopa, na amri yake ilinifaa.

Kliniki, kifaa cha daktari hakikuingia. Alijaribu kidole kimoja, nikashika ukingo wa kitanda.

"Ndani sioni," akasema. "Anza leo. Tutaangalia tena baada ya wiki sita."

Nikauliza kama uke umeshafunga kabisa. Akasema hajui bado.

Nyumbani nilimwambia wifi kila neno. Akaenda kumwaga maji ya beseni uani.

"Kwa hiyo ni mimi nimekufunga?"

"Ni sisi wawili, wifi."

Saa nane mchana nikajifungia chumbani. Mara ya kwanza kijiti kiligoma. Mara ya pili nikaona tone la damu. Nikasoma karatasi: damu kidogo si ajabu, ikiwa nyingi nipige simu. Nikaongeza jeli. Sebuleni, akina mama wa kanisa walikuwa wamefika kunijulia hali.

"Amelala?"

"Yuko kazini," wifi akajibu. "Kaeni hapo, na msiniulize kazi gani."

Nikavuta pumzi, nikaiachia taratibu. Kijiti kikaingia hadi nusu, kikakwama. Sikukitoa. Nikaangalia saa ya ukutani, nikaanza kuhesabu dakika.