Mchochea Boila Asiye na Moto

Kwenye kiwanda cha sabuni walimwita Joto, na hata mkewe alishasahau kumwita vinginevyo. Kazi yake ilikuwa kuchochea boila la kuni, lile lililotoa mvuke wa kupikia sabuni. Asubuhi anaingia na shati, kabla jua halijakolea yuko kifua wazi, anayatukana magogo mabichi kana kwamba yana masikio. Ukimwambia apumzike, anakuuliza wapi umeona moto ukipumzika.

Halafu siku moja wakubwa wakaamka wakasema kampuni inapenda mazingira. Jamani! Kampuni iliyotupaka masizi kwenye nguo za kuanikwa miaka yote, leo eti inapenda miti! Fulana za kijani zikagawiwa, miche ikapandwa mbele ya kamera, nasi majirani tukacheka tukasema porojo tu. Haikuwa porojo. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka hivyo, na mwenye pesa si mwenzio. Paa likafunikwa paneli za sola, likaletwa boila la umeme, lile la kuni likazimwa.

Joto hakufukuzwa, na balaa lilianzia hapo. Alipewa chumba chenye kiyoyozi, kiti cha kuzunguka, na kompyuta ya kutazama. Taa ikiwa ya kijani, akae. Ikiwa nyekundu, abonyeze. Nyekundu yenyewe hakuwahi kuiona. Alizunguka na kiti, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akaligusa boila kwa kiganja, akaambiwa asiguse.

"Mzee, kaa basi, unatutia kizunguzungu," alisema fundi umeme wa zamu yake.

"Nikae nifanye nini? Nitage?"

Nyumbani, nyuma tu ya ukuta wa kiwanda, kulikuwa na kitinda mimba wao, binti mwenye pumu. Tangu moshi ukome alikuwa analala fofofo, na dawa yake ya kupuliza ilikaa kabatini hata vumbi likaigusa. Mama yake alimshukuru Mungu kwa sauti. Joto naye alishukuru, tena kwa dhati, maana alimpenda mtoto yule kuliko macho yake.

Lakini mazoea yana taabu. Jumamosi moja alikuwa anapita karibu na tanuri la mikate la shemeji yake, akasikia kuni zinapasuka. Miguu ikaingia yenyewe.

"Shemeji, hebu niachie kidogo."

"Sina cha kukulipa mimi."

"Nani kakuomba?"

Alichochea mpaka jasho likamtiririka, na ule wasiwasi wa mikononi ukatulia. Alikaribia kulia kwa furaha, mwanaume mzima! Basi ikawa kila Jumamosi. Kwa mkewe alisema ni zamu ya ziada kiwandani. Akimaliza anaoga bombani kwa shemeji, anavaa shati safi, anarudi kwake anapiga mluzi.

Jumamosi aliyojiponza, maji yalikatika. Akajisemea si kitu, nitaoga nyumbani, akavaa shati safi juu ya mwili ule ule. Hata hodi hakuwahi kupiga. Binti alitoka mbio, akamrukia, akauzika uso shingoni mwake kama kawaida. Joto alikuwa bado hajavua kiatu cha pili, kifua cha mtoto kikaanza kulia filimbi.

Mama alimnyakua, akapekua kabati, vitu vikaanguka, dawa ikapatikana. Joto akasogea asaidie, mtoto akakohoa zaidi. Akarudi nyuma. Akasogea tena, hakuweza kujizuia, na mkewe ndipo akainusa ile shingo.

"Toka! Kiwanda kizima kimeacha moshi, wewe ndiye unatuletea ndani?"

Alisimama nje ya kizingiti, mguu huu, mguu ule, asijue mikono aiweke wapi. Alitamani kumshika mwanawe, na kumshika ndiko kungemmaliza.

Dawa ilifanya kazi taratibu. Filimbi ikafifia, midomo ikarudi rangi yake. Binti akageuza kichwa kwenye mapaja ya mama, akamtafuta baba yake pale mlangoni.

"Baba, wamewasha tena kiwandani?"

Mkewe akamtazama. Angeweza kusema ndiyo, na mtoto angeamini.

"Hapana, mwanangu," alisema Joto. "Ni mimi."