Kuku Aliyeangalia Nyuma

Miaka ishirini Safinaz alichora maboksi ya biskuti pale mtaa wa Shubra, na hakuna mtoto aliyewahi kulia boksi lake likitupwa. Alitaka kitabu kimoja tu cha picha kabla macho hayajafifia.

Kwenye vibanda vya vitabu vikuukuu akaokota kitabu cha Mzungu mmoja maarufu, mchora ngazi zisizo na mwisho na ndege wanaogeuka samaki. Wazimu ukamwingia. Mlenda ukaungua mara tatu wiki moja. Miezi minane akachora kuku anayepanda ngazi za ghorofa, na kila ngazi akibadilika unyoya kwa unyoya, mpaka paani akawa njiwa.

Asubuhi ya kukipeleka kitabu kwa mchapishaji, akamwonyesha jirani yake, Hajjati Tafida.

"Mbona njiwa anageuka kuku?"

"Hajjati, umeanzia mwisho."

"Mimi? Nimefungulia kulia, kama vitabu vyetu vyote vya Kiarabu. Wewe umefungulia wapi, Ulaya?"

Safinaz akakaa chini. Kwa Mzungu yule alikuwa ameiga ngazi, ameiga vivuli, ameiga hadi upande wa kufungulia! Mwanamke wa Shubra, aliyefundishwa alifu na be kwa fimbo, kasahau kwamba maandishi yake yanaanzia kulia.

Miadi ilikuwa saa sita. Akafumua uzi, akapanga kurasa upya, akashona. Hadithi ikanyooka, lakini kuku, maskini, kila ukurasa mdomo wake ulielekea nyuma, kwenye kurasa zilizokwisha kufunguliwa. Kumchora upya kulihitaji miezi minane mingine.

Madamu Inji, mwenye kampuni ya vitabu, alifungua polepole.

"Huyu mbona anaangalia nyuma kila mahali?"

Safinaz akafungua mdomo aseme amekosea.

"Anapaa," Madamu Inji akaendelea, sauti imemlegea, "lakini banda lake halimtoki moyoni. Uliwazaje jambo hili?"

Safinaz akaufunga mdomo. Akaufungua tena. "Ilinichukua miezi minane, Madamu. Na asubuhi moja."

"Tunakichapa. Na cha pili nakitaka hivi hivi."

Nyumbani, Hajjati alikuwa akimngoja ngazini, kitambaa begani.

"Wamekubali?"

"Wamekubali. Wanataka kingine, hivi hivi."

"Hivi hivi vipi?"

"Ndiyo shida yangu, Hajjati. Nikijitahidi, nitapatia."

"Haya, mwanangu, kakosee. Ila safari hii ukosee mapema, nisikutane na habari yako nikiwa sijanywa chai."