Stroberi za Baba Allen

Duka la chupa za chai la Fortunata, pale Kariakoo, halikuhitaji bango wala kipaza sauti. Tangazo lake lilikuwa mumewe, Benedict. Jioni walijaza chupa chai inayochemka. Asubuhi, wateja wa jumla wakishajaa, Benedict aliifungua mbele yao, akamimina, akanywa kikombe kizima bila kupuliza. Mvuke ulifuka usoni mwake na yeye wala hapepesi jicho. Wateja walicheka, kisha wakabeba katoni. Katika nyumba aliyokulia huko Rombo, mwanamume wa kusubiri chai ipoe alitaniwa mpaka akome.

Fortunata alimwonea fahari, ila alikuwa na hofu moja. Baba mkwe wake alikufa kwa saratani ya umio, ule mrija wa kupitisha chakula. Alimuuguza mwenyewe, akaona pande la mtu likishindwa na kijiko cha uji. Akaapa mumewe hatafika huko.

Ndipo Geeta, jirani wa duka la vitambaa, alipomletea habari aliyoisoma kwenye simu.

"Mama Allen, wataalamu wanachunguza matunda ya jamii ya stroberi na forosadi. Huenda yakasaidia kuzuia ile saratani ya mkweo. Ila bado wanachunguza, usije ukasema ni dawa."

"Mama Urvish, Mungu akubariki."

Ile "huenda" iliingia sikio hili ikatokea lile. Tangu siku hiyo Benedict hakuonja kitu asubuhi kabla ya bakuli la stroberi za Lushoto, na msimu wa forosadi Fortunata alizitafuta hadi Magomeni. Alimsimamia mpaka amalize. Kisha, kwa mkono uleule, alimmiminia chai ya moto, maana wateja walikuwa wameshafika.

Mwaka huu, karibu na Pasaka, nyama ilimkwama Benedict kifuani. Akajigonga, akaomba chai aisukume. "Gesi tu," alisema. Fortunata akaongeza stroberi. Mkate nao ukaanza kukwama, mkanda wa suruali ukahamia tundu la ndani, na bado mama huyu aliongeza stroberi. Geeta ndiye aliyekuja juu.

"Funga duka, Mama Allen. Mpeleke baba hospitali leo. Matunda hayamchungulii mtu kooni."

Hospitalini walimpitishia kamera kooni, wakakuta uvimbe, na majibu yaliporudi yalikuwa saratani. Fortunata alimweleza daktari habari ya stroberi kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Daktari, kijana mpole, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Matunda ni mazuri, mama, na utafiti wake unaleta matumaini. Lakini si kinga ya kutegemea peke yake. Chai mnakunywaje?"

Benedict ndiye aliyejibu, kwa fahari ileile ya dukani: "Ya moto kweli. Mimi sipulizi."

Daktari akasema chai ya moto sana, ikiunguza umio mwaka hadi mwaka, huongeza hatari. Kama ndiyo iliyomponza Benedict, hakuweza kuapa. Fortunata hakungoja kiapo. Alilia palepale mbele ya watu, akiutazama mkono wake wa kulia, ule wa kumiminia.

Sasa Benedict yuko kwenye matibabu, na hakuna anayewaahidi kitu. Stroberi hazijakoma. Fortunata anazisaga na kuzichuja, kwa kuwa ni miongoni mwa vichache vinavyopita.

Juzi alikuja mteja wa Morogoro, wa siku nyingi.

"Mama, hizi mpya zinatunza joto kweli? Mzee wa kuonja yuko wapi leo?"

Fortunata alifungua chupa, akamimina, akaweka kikombe juu ya kaunta.

"Zinatunza," alisema. "Ngoja ipoe."

Mteja alisubiri kidogo, akaona anacheleweshwa, akaenda duka la pili. Fortunata hakumwita. Alikaa na kile kikombe mpaka mvuke ukaisha, akakionja kwa midomo yake mwenyewe, ndipo akakipeleka nyuma ya duka, alikokuwa ameketi mumewe.