Radi na Gari la Usaili

"Hukulizunguka gari, baba watoto. Mara zote tatu ulizosailiwa hukulizunguka."

"Nilizunguke, limekuwa kaburi?"

"Sema polepole, wenyewe wanasikia."

Mume na mke waligombana kwa minong'ono kwenye benchi la usaili. Mume ni dereva wa gari la wagonjwa, kibarua, na watu wamembandika jina la Radi. Si bure. Kuna siku alimkimbiza mjamzito hospitali. Mtoto kazaliwa, kaogeshwa, kalala, ndipo king'ora kikafika nyuma yao kinahema. Anayebisha akakiulize king'ora.

Lakini leo Radi alijibanza kwenye ncha ya benchi. Kazi ya kudumu ni moja, waombaji wamejaa mpaka nje, na umri wa kuajiriwa serikalini unamwishia mwaka huu. Akichukuliwa mwingine, hata ukibarua ndiyo basi; usukani ataushika ndotoni.

"Wana watu wao hawa," alisema, jasho likimwingia ndani ya tai. "Mpwa wako yule, kurudi nyuma tu kagonga pipa la taka. Wakamchukua. Mimi hata kuku sijamkanyaga."

"Mpwa wangu hana mtu. Nilimuuliza. Kabla ya kukaa kwenye kiti alilizunguka gari, akabonyeza matairi, akafungua boneti, akatazama oili na maji. Alipogonga pipa alikuwa keshavuna alama zake. Wewe ukipewa ufunguo unaruka ndani, huyoo."

Radi alitaka kucheka, akaacha. Gari lake hulikagua asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia. Akishaitwa, nani abonyeze matairi huku mtu anakata roho? Miaka yote miguu yake imefundishwa kitu kimoja tu, kukimbia. Sasa aliitazama miguu hiyo pale chini akaiogopa, kama mtu aliyeambiwa nyoka yumo chumbani na ni yeye aliyemfuga.

"Nikikumbushwa nakumbuka," alisema. "Nikiuona ufunguo, kichwa kinakuwa cheupe."

"Basi usiutazame. Kwanza nini?"

"Tairi."

"Halafu?"

"Tairi."

"Sawa, yapo manne. Halafu?"

"Boneti. Oili. Mama watoto, mikono imeishiwa nguvu."

"Mikono ya nini sasa? Kazi ni ya miguu. Utembee kama bwana harusi, polepole, kila mtu akuone. Hata wakikwambia jengo linaungua, wewe kwanza unazunguka, halafu ndiyo una..."

Mlango ukafunguliwa. Msaili akaingia, ufunguo unaning'inia kidoleni, macho kwenye saa ya mkononi.

"Dereva anayefuata. Haraka, tumechelewa."

Mke aligeuka amshike mkono. Nafasi ya mumewe kwenye benchi ilikuwa tupu, bado ina joto; kidole cha msaili hakina ufunguo, na nje gari linanguruma.