Udongo wa Ua la Mama

Kuhusu udongo wa kuoteshea lile ua la majani magumu yaliyosimama kama mapanga, siku hizi sibishani na mtu. Njoo kwangu Usagara, huku pwani, nitakuchanganyia huku unaangalia: mchanga wa mto, changarawe, mkaa uliopondwa, udongo wa shamba kiasi na samadi kavu kidogo tu. Ukimwagia maji, yapite mara moja. Yakituama juu, mwaga uanze upya. Ujuzi huu niliupata kwa kiburi changu, wala sioni haya kusema.

Ua lilikuwa la mama. Baba alimletea wiki waliyohamia nyumba hii, na baba ameshatangulia mbele ya haki. Kitu kingine cha mkono wake hakikubaki, isipokuwa sisi watoto. Mama alipokwenda Maramba kumlea mdogo wangu aliyejifungua, aliniachia nilitunze. Alisisitiza nisilihamishe, nilitie maji kidogo kila baada ya wiki mbili, basi.

Mimi na kuambiwa, wapi na wapi! Niliona limekaa kwenye udongo mkavu wenye vijiwe, nikalionea huruma. Nikaenda kwa mama mmoja anayesokota kamba, nikajaza kiroba ule unga wa makumbi ya nazi unaobaki akishayaponda. Mweusi, laini, unashika maji siku nzima. Nikalihamishia humo na kulinywesha kila asubuhi, huku nikijisifu kwa majirani kwamba mama akirudi hatalitambua.

Na kweli. Majani yalilegea shinani, yakageuka manjano, nami nikazidisha maji. Siku mama anarudi lilikuwa limebaki jani moja. Niliposikia bajaji inasimama mlangoni, nilikwenda kumfungulia.

Nilimpa shikamoo. Aliitikia huku macho yakiwa kwenye chungu. Akachuchumaa, akachota udongo kwa vidole, akaugusisha ulimini, akatema.

"Makumbi haya yalifukiwa pwani," alisema. "Umelinywesha chumvi."

Hapo ndipo akili ikanirudi. Nani huku asiyejua kwamba makumbi ya kamba hufukiwa kwenye tope la bahari miezi mingi mpaka yalainike? Mama mwenyewe alisokota kamba tangu usichana wake, nami nimezaliwa papa hapa. Nilijiona bure kabisa. Nikalia, nikamwambia nimemuulia ua la baba. Sikutafuta kisingizio.

Hakunibembeleza. Aliniagiza changarawe, mchanga na mkaa, akalikata lile jani palipooza, tukaliacha kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke. Kisha akalichomeka bila kutia hata tone la maji. Nilinyanyua chungu nikirudishe dirishani kwake, akanizuia.

"Kaa nalo wewe," alisema. "Mimi sijui linavyokufa. Wewe umeshajua."