Sindano ya Kuonja

Harufu ya spiriti kwenye pamba ya nesi imenirudisha kijijini kwetu Kanazi, nikiwa mtoto mwenye vidonda vya buba miguuni. Dresa, mhudumu wa vidonda wa serikali, alikuja na dawa mpya, akasema sindano moja inatosha. Bibi hakumwamini. Kwetu, anayekukaribisha kahawa ya kutafuna huanza kutafuna yeye, ujue haina sumu.

"Jichome kwanza wewe," alimwambia.

"Mimi siumwi, mama."

Bibi aliutazama mguu wangu uliokuwa ukitoa usaha, kisha akashusha shuka begani.

"Basi nichome mimi. Mtoto utamchoma kesho, ukinikuta hai."

Sasa nesi anamfuta mjukuu wangu mkono huku akiisifia chanjo mpya. Kabla hajavuta dawa, nimeshakunja mkono wa shati langu.