Tonge la Violeth mbele ya soko la Masumbwe

Saa moja asubuhi mashine ya kusaga inanguruma, na Paskalia Jilala tayari ni mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi kandambili. Gunia linalojaa halimshughulishi. Macho yake yako kwenye kisanduku cha bati juu ya mdomo wa mashine, kinachodondosha unga laini wa manjano hafifu ndani ya mahindi.

"Hiki kikikwama, nazima mashine," anasema. "Hata mteja awe padri."

Kinachodondoka ni virutubishi: madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12. Ladha ya ugali haibadiliki, ila mlaji hupata vitu ambavyo mahindi yaliyokobolewa hayampi vya kutosha, hasa vya kuongeza damu.

Paskalia, mwenye miaka hamsini na mmoja, ana sababu yake. Mkwe wake, Violeth, alipokuwa na mimba ya kwanza alikuwa akitafuna udongo wa sokoni mchana kutwa. Siku moja akaanguka akichota maji kisimani, kwa kupungukiwa damu. Alijifungua salama, Mungu asifiwe, lakini kwa chupa mbili za damu ya watu wengine.

Kwa hiyo mwaka jana, afisa lishe alipowaita wasagishaji na kuwaeleza habari za virutubishi, Paskalia alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Wiki ya tatu tangu aanze kuvichanganya, uvumi ukaingia sokoni kwamba unga ule unafunga uzazi. Alikuwa akiuza magunia kumi na mawili kwa siku, yakabaki mawili.

Usukumani, anayekukaribisha huonja kwanza mbele ya macho yako, ujue hakuna baya. Paskalia akafanya hivyo. Siku ya gulio aliinjika sufuria mlangoni pa mashine, akasonga ugali, akala tonge la kwanza kwa mlenda.

Watu walitazama tu. Sesilia, muuza dagaa anayejulikana kwa ulimi wake, ndiye aliyewasemea.

"Mayu, mama yetu, wewe kuzaa ulishakoma. Ukionja wewe, sisi tumejua nini?"

Wakacheka. Ndipo Violeth, aliyekuwa bado na mtoto mmoja tu, alipoketi mkekani, akanawa, akamega. Akasema kila gulio atakula hapo hapo, wamwone.

"Unga niliuamini," anasema Paskalia. "Niliogopa Mungu akichelewa kumpa mimba, kwa sababu zake mwenyewe, lawama itaangukia unga. Mashine ingekufa, na mkwe wangu angesemwa nyumba hadi nyumba."

Paskalia alifunga na kusali. Violeth alikula. Gulio la tisa lilipofika, alikuwa akitapika asubuhi.

Mwezi Machi mwaka huu alijifungua mapacha wa kike, wanene, bila kuongezewa damu.

Foleni ya wateja ikarudi kesho yake, na shida mpya ikaja nayo. Wasiopata watoto wanaomba kipimo cha virutubishi mara mbili. Sesilia naye amekuja na ndoo yake, akiwa na watoto saba nyumbani, akaomba apunguziwe.

"Mapacha wako kwenye ukoo wa Violeth, bibi yake alizaa pacha," Paskalia anawaeleza, kwa mara ya mia labda. "Huku kwangu mnapata damu tu. Na kipimo ni kimoja, cha tajiri na cha maskini."

Violeth, pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, anashona mifuko na kucheka.

Sasa magunia ni kumi na tano kwa siku. Kabla ya mavuno yajayo Paskalia anataka kisanduku cha pili, kwa ajili ya wanaoleta mahindi yao wenyewe kusagisha, maana hao ndio wengi.

"Natamani siku moja mtu afike hapa asiniulize humu ndani kuna nini," anasema, akigonga bati kwa kidole. "Aniulize tu foleni inaanzia wapi."